Mhitimu mpya wa udaktari wa meno: achague ubingwa mapema, au afanye kwanza kazi ya jumla?

#1 Gego la Pili (mleta mada)

Habari zenu, wanajukwaa.

Nimehitimu shahada ya udaktari wa meno, nimemaliza na mafunzo ya vitendo, na sasa kila mtu wa fani ninayekutana naye ananiuliza nitabobea katika nini, kana kwamba kubaki daktari wa kawaida ni kukosa msimamo. Mwenyewe nasitasita kati ya matibabu ya mizizi na upangaji wa meno, na siku nyingine upasuaji wa kinywa na taya hunivuta pia.

Naomba nianze na dai, nanyi mnisahihishe. Ninavyoona, wengi wetu hatuchagui ubingwa, tunachagua mwalimu. Katika darasa letu, waliopangwa kwa mwalimu wa upasuaji aliyekuwa akieleza kila hatua kwa utulivu huku mikono yake ikiendelea na kazi, karibu wote wanataka upasuaji. Waliopata mwalimu mkali wa meno bandia hawataki hata kusikia harufu ya nta. Ikiwa ndivyo, uamuzi wa maisha yote ya kazi unaachiwa bahati ya ratiba. Ninyi mliotangulia mlipima kwa kigezo gani?

#2 Koleo la Juu

Karibu kwenye fani, Dakta.

Dai lako lina ukweli, ila dawa yake ni rahisi: fanya kwanza kazi ya jumla. Kliniki ya chuo haifanani na kazi halisi. Pale chuoni mgonjwa amechujwa, ameambiwa mapema kwamba atakaa muda mrefu, na msimamizi amesimama nyuma yako. Kazini anakuja mtu mwenye shavu lililovimba wakati unajiandaa kufunga, hajui ni jino lipi linamuuma, ganzi haishiki vizuri kwa sababu ya usaha, na uamuzi ni wako peke yako. Ukikaa katika hali hiyo kwa muda wa kutosha, utaanza kujua ni mgonjwa yupi unamsubiri kwa hamu na ni yupi unayetamani asitokee. Hilo halifundishwi na mwalimu yeyote.

#3 Mizizi Mitatu

Namheshimu Koleo la Juu, lakini sikubaliani naye. Kazi ya jumla inaweza kukufundisha kuichukia kazi ambayo ungeipenda, kwa sababu unaifanya kwa vifaa duni na kwa haraka. Mimi ni daktari wa mizizi, na nilipokuwa katika kazi ya jumla niliona matibabu ya mizizi kuwa adhabu. Sikuwa na hadubini, muda ulikuwa mfupi, na kipimo cha urefu wa mzizi kilikuwa picha ya mionzi peke yake.

Mleta mada, nikuoneshe kazi yenyewe kwa karibu. Chukua gego la kwanza la juu. Lina mizizi mitatu kwa kawaida, na ule wa mbele upande wa shavu, katika zaidi ya nusu ya meno haya, una mfereji wa pili mwembamba uliojificha chini ya rafu ndogo ya dentini, yaani tabaka gumu la ndani ya jino. Umelitenga jino kwa mpira, umefungua, umeona mifereji mitatu mikubwa. Wa nne huuoni. Unakwangua taratibu, unafuata mstari mweusi kwenye sakafu ya jino, unaacha haipokloraiti, dawa ya kusafishia mifereji, itulie uone kama viputo vitapanda kutoka mahali fulani, unaongeza mwanga, unakwangua tena kidogo kuliko mara ya kwanza, kwa sababu ukizidisha utaitoboa sakafu. Haya yote yanafanyika katika eneo la milimita chache, na mgonjwa hajui kwamba kuna lolote linalotafutwa.

Swali langu kwako ni hili: wakati huo moyo wako unakuwaje? Wapo wanaopata utulivu ambao hawaupati popote pengine. Wapo wanaoanza kutoka jasho na kutazama saa. Hicho ndicho kigezo, na hakihitaji miaka ya kazi ya jumla ili ukifahamu.

#4 Saa Kumi Kamili

Wakuu, mbona tunazungumza kama watawa? Watu hufuata kipato na saa za kazi. Upangaji wa meno unapendwa kwa sababu hakuna damu, hakuna anayekuamsha usiku, wagonjwa wengi ni vijana wenye afya, na ukishapanga ratiba ya mwezi unaijua. Haya ya utulivu wa moyo yanakuja baadaye, mtu akishalipa madeni ya masomo.

#5 Waya Mwembamba

Nilijua tu kwamba tutatajwa kwa saa za kazi kabla hatujatajwa kwa kazi.

Mkuu Saa Kumi Kamili, ni kweli kwamba dharura zetu ni ndogo, kama ncha ya waya inayochoma shavu au kibandiko kilichoachia. Lakini umesahau gharama yake, nayo ni kwamba kosa letu huchelewa kuonekana. Daktari wa mizizi hupiga picha siku hiyo hiyo na kuona kama amefika mwisho wa mzizi. Mimi nasogeza jino takriban milimita moja kwa mwezi, matibabu ya kawaida yanachukua miezi 18 hadi 24, na ikiwa nilikosea kuamua kama meno mawili yang'olewe au yaachwe, naligundua hilo nikiwa nimefika mbali mno kurudi. Kuna mizizi inayoliwa na kufupika kwa sababu ya msukumo. Kuna meno yanayorudi yalikotoka kwa sababu kijana aliacha kuvaa kifaa cha kuyashikilia. Asiyeweza kuishi na jibu linalochelewa namna hiyo asije huku, hata kama ratiba ni nzuri.

Jambo la pili: kazi inabadilika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kumekuwa na vibao vya plastiki vinavyoonekana kama kioo, na madaktari wa jumla wanatibu kwa vibao hivyo meno yaliyopinda kidogo. Yanayobaki kwetu yanazidi kuwa yale magumu: taya fupi, meno yaliyokwama ndani ya mfupa, mtoto anayekua ambaye uso wake utabadilika katikati ya matibabu. Anayekuja kwa kufuata urahisi atakuta umeshaondoka.

#6 Mkono wa Kushoto

Naomba kuuliza kando kidogo. Hakuna aliyegusia mwili. Mimi natumia mkono wa kushoto, na karibu kila kliniki niliyofanyia kazi imepangwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia: trei upande huo, msaidizi upande ule, taa na kifaa cha kunyonya mate vimekaa kinyume changu. Baada ya siku ya kung'oa meno, bega langu linawaka. Je, hili halipaswi kuwa kigezo?

#7 Koleo la Juu

Linapaswa, Dakta, tena mapema. Shingo na mgongo ndivyo vinavyowasumbua watu wa fani hii kuliko chochote, na hakuna ubingwa wa kukaa kwenye kiti usiokugharimu kitu. Anayetumia hadubini amebahatika kidogo kwa sababu chombo chenyewe kinamlazimisha kukaa wima. Mwenye miwani ya kukuza iliyopimwa vibaya anainama zaidi kuliko asiye nayo kabisa.

#8 Nta Nyekundu

Mleta mada amewataja waliomkimbia mwalimu wa meno bandia, basi nami nijitokeze. Nina maelezo tofauti na ya wote waliotangulia. Si mwalimu, si utulivu, si kipato. Watu huchagua kwa kukimbia. Asiyevumilia kilio cha mtoto anakimbilia mizizi. Asiyependa damu anakimbilia nyaya. Asiyetaka kuzungumza sana na mgonjwa anatafuta fani ambayo mgonjwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Wanaokuja kwetu, nasema bila aibu, wengi walikuwa wanakimbia dharura, wakakuta kuna jambo gumu zaidi, nalo ni mgonjwa asiye na jino hata moja anayetaka kula kama zamani.

Seti kamili ya meno bandia ya taya la chini ndiyo mtihani wetu. Mfupa umeshaliwa, ulimi unaisukuma, mate yanapungua kwa dawa anazotumia, na mgonjwa anasema inacheza. Kwa sababu hiyo wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill mwaka 2002 walipendekeza vipandikizi viwili, yaani skrubu za titani zinazopandwa mfupani, katika taya la chini kuwa chaguo la kwanza la kuishikilia seti hiyo, ingawa wengi wa wagonjwa duniani bado hawavipati. Vipandikizi hivi ndivyo vilivyoifufua fani yetu tangu Brånemark, mtafiti wa Uswidi, alipovigundua mwaka 1965.

#9 Fizi Njema

Nta Nyekundu, sahihisho dogo tu. Mwaka 1965 ndipo Brånemark alipomwekea mgonjwa wa kwanza. Ugunduzi wenyewe, kwamba titani inashikana na mfupa hai, aliupata mwaka 1952 alipokuwa akichunguza mtiririko wa damu katika mfupa wa sungura, akashindwa kukitoa chombo chake cha titani. Hakuwa anatafuta jino.

Nikija kwenye mada, nadharia ya kukimbia ina mantiki lakini haielezi sisi wa fizi, kwa sababu hakuna mtu anayekimbilia kukwangua ukoga. Kazi yetu ina tabia moja ambayo haijatajwa: nusu ya tiba inafanywa na mgonjwa nyumbani. Unaweza kusafisha mizizi kwa uangalifu wote, ukafungua fizi na kuzishona vizuri, na akirudi baada ya miezi mitatu akiwa hajagusa uzi wa meno na hajaacha sigara, mifuko kati ya fizi na jino ni ile ile. Kisukari kikiwa juu, fizi hazitulii, na fizi zikiwa na ugonjwa, kisukari nacho kinakuwa kigumu kudhibiti. Ndiyo maana katika mfumo mpya wa kuainisha ugonjwa huu, ulioafikiwa katika mkutano wa mwaka 2017, pamoja na hatua nne za ukali kuna madaraja A, B na C yanayoangalia kasi, na sigara na kisukari vinaweza kumpandisha mgonjwa daraja. Ubingwa huu unamfaa mtu anayependa kumwona mgonjwa yule yule kwa miaka mingi bila kumchoka wala kumkaripia.

#10 Nta Nyekundu

Nimepokea, Fizi Njema. Asante. Sungura nilikuwa namfahamu, mwaka ndio ulinitoka.

#11 Gego la Pili (mleta mada)

Nashukuru sana kwa michango. Naomba kuunganisha #3 na #5, kwa sababu naona zinagongana. Mizizi Mitatu anasema kigezo ni hali ya moyo wakati wa kutafuta. Waya Mwembamba anasema kigezo ni uwezo wa kusubiri jibu. Mimi nikikwama natulia, lakini nikisubiri nakosa usingizi. Je, hilo linatosha kuniondoa kwenye nyaya?

#12 Waya Mwembamba

Halitoshi. Kukosa usingizi mwanzoni ni dalili kwamba unajali. Ninayemwogopa ni yule asiyewaza kabisa akasema meno yatajipanga yenyewe. Lakini jiulize pia kama unapenda kupanga kuliko kutenda. Kazi yetu kubwa iko mezani, katika vipimo vya picha ya fuvu, mifano ya meno na makadirio ya ukuaji. Kwenye kiti, mara nyingi tunabadilisha waya kwa dakika chache. Uainishaji wa Angle wa mwaka 1899, unaotumia gego la kwanza kutenga namna meno yanavyoumana katika makundi matatu, bado tunaufundisha, na mhitimu anayeuona kama kero ya mtihani badala ya kuanza kutazama wagonjwa kwa jicho hilo huwa hadumu.

#13 Mizizi Mitatu

Nami niongeze kwamba Waya Mwembamba ametupaka mafuta kwa kusema tunaona jibu siku hiyo hiyo. Tunachokiona siku hiyo ni picha nzuri tu. Kidonda cha mfupa kwenye ncha ya mzizi kinaweza kuchukua mwaka au zaidi kupona, na wakati mwingine picha nzuri inashindwa na picha mbaya inapona. Tofauti ni kwamba sisi tunajidanganya kwa haraka zaidi.

#14 Taya Imara

Nimesoma kwa kuchelewa kwa sababu ya zamu. Kuhusu upasuaji, mleta mada amesema unamvuta siku nyingine, na ningependa kujua ni siku zipi. Kama ni siku ulipoona gego la mwisho likitoka vizuri, huo si upasuaji wa taya bado, ni mlango wake. Nyuma ya mlango kuna taya zilizovunjika katika ajali, uvimbe unaohitaji kukatwa pamoja na mfupa, watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka, na maambukizi ya jino yaliyoshuka shingoni hadi mgonjwa anashindwa kupumua. Hili la mwisho halisubiri asubuhi. Hata gego la mwisho lenyewe si la kudharau, kwani mshipa wa fahamu wa taya la chini unaweza kupita kando kabisa ya mizizi yake, na ukiumia, mgonjwa anaweza kubaki na ganzi mdomoni kwa miezi, au daima.

Zaidi ya hayo, lazima uwe na shahada mbili, ya meno na ya tiba. Jipange kwa miaka mingi.

#15 Fizi Njema

Samahani Taya Imara, naonekana nimekuwa karani wa masahihisho leo. Shahada mbili ni lazima Uingereza, lakini si kila mahali. Marekani kuna njia mbili, moja ya miaka minne baada ya shahada ya meno, na nyingine ya takriban miaka sita inayojumuisha shahada ya tiba. Mleta mada aangalie masharti ya mahali anapokusudia kufanya kazi kabla hajakata tamaa.

#16 Taya Imara

Ni kweli, nimeandika kwa mazoea ya nilikofunzwa. Mengine nayashikilia.

#17 Ishirini Tu

Nimejiita hivyo kwa sababu meno ya utotoni ni ishirini na hayo ndiyo maisha yangu. Nta Nyekundu amesema watu wanawakimbia watoto, na nakubali. Ila wanachokikimbia si mtoto. Ni mzazi aliyesimama miguuni mwa kiti akimwambia mtoto "haitauma" wakati mimi nilikuwa nimejiepusha kulitaja neno hilo.

Kazi yenyewe imebadilika sana kuliko inavyodhaniwa. Kuna mbinu ya Hall, iliyoanzia Uskoti, ambapo kofia ya chuma inasukumwa juu ya gego la utotoni lililooza bila kuchonga na bila sindano ya ganzi. Uozo unafungiwa ndani na kukosa chakula. Mtoto anaambiwa aume kwa nguvu, anauma, tumemaliza. Kuna pia dawa ya fedha na floraidi inayosimamisha uozo kwa kupakwa tu, ingawa inaacha weusi na lazima mzazi aoneshwe picha ya weusi huo kabla hujapaka, si baada. Anayependa kazi ndefu ya mikono atachoka huku. Anayependa kusoma uso wa mtu kwa sekunde mbili na kubadilisha mpango atafurahi.

#18 Tone la Maji

Nawasoma nyote na naona kila mmoja amekaa kwenye kiti. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kuwa magonjwa ya kinywa yanawagusa karibu watu bilioni 3.5. Hakuna idadi ya mabingwa wa mizizi itakayolifikia hilo. Kuna ubingwa wa afya ya jamii ya kinywa, na kuna wa magonjwa ya kinywa, wa patholojia na wa mionzi, ambao wahitimu hawautaji kwa sababu hawakuuona ukifanyika chuoni. Marekani pekee inatambua maeneo kumi na mawili ya ubingwa, na la maumivu ya kinywa na uso lilitambuliwa mwaka 2020. Mleta mada amepima matatu tu.

#19 Saa Kumi Kamili

Tone la Maji, tuambie ukweli. Ulikihama kiti kwa ajili ya watu bilioni tatu, au kwa ajili ya mgongo?

#20 Tone la Maji

Mgongo ulianza, takwimu zikafuata. Lakini hoja inabaki palepale.

#21 Bila Cheo

Niseme kwa niaba ya tuliobaki. Mimi ni daktari wa jumla na sina mpango wa kubadilika. Kwa siku moja naziba, nang'oa, natibu mzizi wa jino la mbele, narekebisha seti, natazama ulimi wenye doa jeupe lisilofutika na kumpeleka mgonjwa akakatwe kipande kidogo kwa uchunguzi. Hilo la mwisho pengine ni kazi muhimu kuliko nyingine zote nilizofanya mwaka huo, na halikuhitaji ubingwa, lilihitaji mtu anayetazama ulimi hata kama mgonjwa amekuja kwa ajili ya jino. Kinachonisikitisha katika uzi huu ni kwamba kazi ya jumla imezungumzwa kama chumba cha kusubiria. Kuna kozi fupi nyingi, na ujuzi unakua bila cheti kikubwa.

#22 Mizizi Mitatu

Kozi fupi zina mipaka yake, mkuu. Vyombo vilivyovunjikia ndani ya mifereji, ninavyoletewa kuvitoa, mara nyingi vimeanzia kwenye kozi ya mwisho wa wiki.

#23 Bila Cheo

Nawe unaletewa vilivyovunjika tu. Vilivyokwenda salama huletewi, kwa hiyo huwezi kuvihesabu.

#24 Mizizi Mitatu

Hapo umenibana.

#25 Gego la Pili (mleta mada)

Nimeamua jambo moja tu kwa sasa: nitaomba kukaa pembeni na kutazama, kwanza kliniki ya mizizi, kisha ya nyaya. Naomba mnisaidie ni nini hasa cha kutazama, kwa sababu nahofia nitavutiwa tena na mtu badala ya kazi.

#26 Waya Mwembamba

Usiombe kuoneshwa waliomaliza vizuri. Omba siku ya wagonjwa waliokuja kurekebishiwa matibabu yaliyofanywa kwingine, na siku ya kawaida kabisa, ile ya kubadilisha waya kwa mtu wa ishirini. Omba pia kukaa mezani wakati wa kupanga matibabu, hata kama hakuna mgonjwa chumbani.

#27 Mizizi Mitatu

Kwetu, omba darubini ya pili ya msaidizi kwenye hadubini ili uone ninachokiona. Ukikaa nyuma utaona mgongo wangu tu, na utasinzia. Na uje siku ya kurudia mizizi iliyoshindwa.

#28 Koleo la Juu

Nami nasisitiza kwamba kutazama hakutoshi. Mikono ya mtu mwingine huonekana myepesi siku zote. Fanya kazi ya jumla huku ukitazama.

#29 Mkono wa Kushoto

Wakati mnaendelea, je, kuna anayejua kama hadubini ya dari inageuzwa kwa mtu wa mkono wa kushoto bila kubomoa chumba?

#30 Mizizi Mitatu

Hadubini yenyewe haina shida, inaning'inia juu na inazunguka. Tatizo ni kiti na trei. Kuna viti ambavyo mkono wa trei unahamishika upande wa pili, na vingine trei inatokea nyuma ya kichwa cha mgonjwa. Uliza hilo kabla ya kusaini mkataba wa kazi, usiulize baada.